Mtani Ndani ya Jeneza

Koti la marehemu Erick lilikuwa la rangi ya udongo, zito, lenye mfuko mmoja uliotoboka, na tangu mwenyewe azikwe halikuwa limepata mwenyewe mwingine. Kwanza lilining'inia nyuma ya mlango wa nyumba aliyopanga na mkewe, Eliakunda, huko Clintonville, mtaa wa mji wa Columbus, Marekani. Kisha Belinda, binti yao, akashauri lipelekwe duka la hisani. Eliakunda akalikunja vizuri, akalitia kwenye buti la gari, akalipitisha mbele ya lile duka mara kadhaa, na kila mara akarudi nalo. Mwishowe likawa linaishi humo kwenye buti, pamoja na koleo la theluji na mfuko wa chumvi ya kuyeyushia barafu barazani. Ukimwuliza kwa nini, angekuambia koti bado zima. Ni kweli lilikuwa zima, lakini hilo halikuwa jibu.

Jibu lilikuwa refu kidogo. Kwao Gonja, milimani Upareni, mtu akifa watani wake hawaji kulia, wanakuja kuvuruga. Mchaga atalala njiani kuzuia jeneza la Mpare lisipite mpaka apewe chochote. Atamwita marehemu bahili mbele ya mjane na watoto. Atavaa nguo zake, atembee kama yeye, akohoe kama yeye, agombane na mkewe kama yeye. Wafiwa watanuna, kisha watacheka, na wakishacheka machozi nayo yanapata njia. Nguo aliyoivaa mtani hadaiwi tena. Ni haki yake. Ndivyo mtu anavyosindikizwa, na ndivyo tanga linavyoanuliwa. Yakikosekana hayo, wazee wa Gonja wangekuambia kwamba mtu wenu hajazikwa, amefukiwa tu.

Erick alifukiwa tu. Wanaume waliovaa suti nyeusi, wapole kupita kiasi, walilisukuma jeneza lake kwenye magurudumu. Watu wakapewa saa mbili za kumuaga katika ukumbi wenye zulia nene lililomeza hata vikohozi. Watanzania wa Columbus walifika, Waislamu kwa Wakristo, wakasimama na bahasha zao mikononi, wakanong'ona. Mtu yeyote angedhani wanaogopa kumwamsha. Mchungaji akasema maneno mazuri ambayo yangemfaa marehemu yeyote. Eliakunda alikaa mbele, akiutazama mlango. Alikuwa akimsubiri mtani, na mtani hakuja.

Mtani huyo alikuwa Tarcisius, Mchaga wa Kibosho. Walipofika Marekani wote watatu, Louisville, walikaa nyumba moja. Tarcisius alilala kwenye kochi la sebuleni huku yeye na Erick wakifanya kazi ghala moja, na utani wao ulianza asubuhi kabla ya chai. Erick alikuwa akimwambia amefunga pochi yake kwa pini ili Mchaga asije akaiota usiku. Tarcisius naye alikuwa akieleza wageni kwamba mwenye nyumba hii anakula makande Krismasi na Pasaka, na siku za kawaida ananusa sufuria. Baadaye Erick na mkewe wakahamia Columbus, Tarcisius akaenda Buffalo, akapata nyumba Riverside na kufungua duka la vyakula mtaa wa Grant. Watu wakaliita kwa Mangi, kama kawaida ya maduka ya Wachaga popote walipo.

Siku Erick alipozikwa, Buffalo ilikuwa chini ya theluji na barabara zote zimefungwa. Hilo Eliakunda alilijua, na kwa hilo hakumlaumu. Lakini theluji iliyeyuka. Barabara zilifunguliwa, majani yakachipua, yakapukutika tena, na Tarcisius hakufika. Alituma neno moja la pole kwenye simu, basi. Asiyekuwapo na lake halipo, alijisemea Eliakunda, akalifuta jina lake kwenye simu. Kwenye moyo hakuweza kulifuta. Lilimkaa pale kama mwiba wa samaki kooni, haumezeki wala hautemeki, kwa sababu mtani wa Erick hakuwa mwingine.

Ikumbukwe kwamba Eliakunda mwenyewe hakuwa mtu wa kimya. Kazi yake ilikuwa kulea wazee katika nyumba ya kutunzia wasiojiweza: kuwaogesha, kuwageuza vitandani, kuwalisha. Zamani alikuwa akiwalisha huku anawaigizia muuguzi mkuu, sauti na mwendo, hata wale waliosahau majina ya watoto wao wakacheka. Kwenye harusi za Watanzania mshereheshaji angeweza kukosekana na watu wasijue, Eliakunda akiwapo. Baada ya mazishi hayo alinyamaza. Alifanya kazi yake vizuri, alisalimia vizuri, akarudi nyumbani. Kila alipojaribu kumtania mtu, maneno yalifika mdomoni yakaona haya.

Sasa katika mwaka wa pili Belinda, anayesoma chuo, alikuwa amepata kazi ya kutafuta nguo za waigizaji katika filamu ya Kinaijeria. Mwongozaji wake, Madam Ebiere, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Hadithi yenyewe ilikuwa ya matapeli wawili kutoka Lagos. Wameiba mikufu ya dhahabu, polisi wako mlangoni, na wao wamekata shauri kuitoa mikufu mjini ndani ya jeneza. Wanamkodi mtu ajifanye marehemu, mikufu wanaipanga chini ya mgongo wake, halafu wanaandaa msiba mkubwa ili polisi waone aibu kupekua. Hadithi ya namna hiyo inahitaji waombolezaji wengi, na waombolezaji wa Kiafrika wanaojua kulia hawapatikani dukani.

"Mama, please, siku moja tu," alisema Belinda. "Unakaa, unalia, unaenda nyumbani."

"Mimi machozi yangu si ya maonyesho."

Belinda akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake anapotaka kushinda, kwamba huenda ikamsaidia kutoka nje ya nyumba. Eliakunda hakuipenda ile "huenda", lakini Jumamosi ilipofika alivaa kitenge cheusi akaenda.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa fulani la kukodi, upande wa kaskazini wa mji. Taa kubwa zilisimama juu ya miguu mitatu mitatu, nyaya zimetapakaa sakafuni, na katikati jeneza, limefungwa. Kwaya ya Wakongo ilikuwa imeletwa kwa basi dogo kutoka Louisville. Mmoja wao, mama wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Nsimire, alijisogeza karibu na Eliakunda akamnong'oneza.

"Bon, mama, kulia tutalia. Lakini huyu mufu, donc, alikuwaka muntu wa nani? Mi siwezi kulia muntu sijue jina lake."

"Hajafa, dada. Anajifanya."

"Anajifanya." Nsimire akatikisa kichwa taratibu. "Kwetu muntu akijifanya mufu, tunamupiga fimbo kwanza."

Madam Ebiere akapiga makofi, akaeleza kwa Kiingereza cha kwao ambacho Belinda alikitafsiri. Waombolezaji wapite mmoja mmoja mbele ya jeneza, walie kwa adabu, wasiangalie kamera. Tapeli mmoja atasimama kichwani akitoka jasho. Marehemu asipumue. Kisha jeneza likafunguliwa, kamera zikaanza, na kwaya ya Louisville ikapaza wimbo wa huzuni uliowafanya hata mafundi wa taa wavue kofia.

Nsimire alipita, akalia vizuri sana kwa mtu asiyejua analia nani. Ikafika zamu ya Eliakunda. Alisogea, akainamisha kichwa, akatazama ndani.

Aliyelala mle alikuwa Tarcisius.

Alikuwa amenenepa. Mvi zimemwingia kwenye ndevu. Mikono imekunjwa kifuani, macho yamefumbwa, na pamba mbili puani ambazo bila shaka zilikuwa wazo la mtu asiyewahi kufiwa. Eliakunda alisikia damu ikimpanda hadi masikioni. Huyu ndiye mtu aliyemsubiri akiwa ameukodolea mlango macho, na sasa amekuja Columbus kufa kwa ajili ya sinema. Alitaka kugeuka aende zake. Alitaka pia kumzaba kofi. Lakini mbele yake, ndani ya jeneza, alikuwa amelala Mchaga, na yeye ni Mpare, na mdomo wake ukatangulia kabla akili haijaamua.

"Kumbe ni wewe," alisema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Haya, duka umemwachia nani?"

Kwaya ikasita. Tapeli aliyesimama kichwani akatazama kulia na kushoto.

"Wenzangu, msilie bado," Eliakunda aliendelea, akiwageukia waombolezaji. "Huyu ni Mchaga. Mchaga hafi kwa kuambiwa. Kwanza apimwe." Akafungua mkoba wake, akatoa sarafu moja, akainua mkono, akaidondosha sakafuni kando ya jeneza. Sarafu ikalia, ikajiviringisha, ikalia tena.

Jicho moja la marehemu likafunguka.

Hapo wanakwaya walipasuka. Nsimire alishika mbavu, akamwegemea jirani yake. Eliakunda hakucheka. Aliinama juu ya jeneza, akamtikisia kidole yule mfu. "Mnaona? Msiba wa mwenzake umemshinda, lakini sarafu ameisikia. Wewe ulizaliwa, mama yako akadhani unalia njaa, kumbe unaulizia chenji. Ulikula makande yangu Louisville, ukalala kwenye kochi langu, na siku ya kufa kwa mwenye kochi ukawa huna miguu. Leo umeipata wapi miguu ya kuja kulala humu? Toa hiyo pamba puani, unamaliza pamba ya watu."

Tumbo la marehemu lilikuwa linaruka. Alijaribu kukaza midomo, ikashindikana, kicheko kikamtoka kwa pua na pamba zote mbili zikaruka nje. Chini ya mgongo wake mikufu ya bandia ikalia chwe, chwe. Yule tapeli, mwigizaji wa kazi kwelikweli, akajitupa juu ya jeneza akilia kwa nguvu ili kuifunika sauti ya mikufu, na Madam Ebiere akaacha kamera iende mpaka mwisho.

Iliposimamishwa, Eliakunda aliona aibu. Alijua ameharibu kazi ya watu. Akatafuta mlango kwa macho, na macho yakakutana na mwongozaji akija mbio mikono wazi. Madam Ebiere hakuwa ameelewa neno hata moja, lakini alielewa sarafu. Alisema hayo ndiyo yaliyokosekana kwenye hadithi yake, kwamba mfu wa kukodi lazima ashindwe na kitu, na huyu ameshindwa na kitu chake. Akauliza huyu mama amesomea wapi uigizaji.

"Misibani," Belinda alitafsiri jibu la mama yake, na akalitazama dirisha kwa namna iliyomfanya mama yake amtilie shaka. Mtu anayetafuta nguo za waigizaji lazima awe amempima marehemu mabega kabla ya siku hiyo, akamjua ni nani.

Watu wakapewa chai. Tarcisius alijikwamua jenezani kwa shida, akaja pale Eliakunda alipokaa, akasimama mbali kidogo. Aliyemleta ni Madam Ebiere mwenyewe. Alikuwa amepita mtaa wa Grant kununua unga na mafuta ya mawese, akamkuta amesinzia kwenye kiti nyuma ya kaunta, mdomo wazi, wateja wanamwita hasikii. Akasema mfu wake amempata.

"Mchaga amesinzia na wateja wapo," alisema Eliakunda bila kumtazama. "Basi ulikuwa unaumwa."

"Nilikuwa naumwa, shemeji," alisema Tarcisius. "Tangu siku ile. Kila nikishika usukani kuja kwako najiuliza nitaingiaje mlango ule naye hayupo. Nikifika Cleveland, katikati ya njia, narudi."

Eliakunda alikunywa chai yake. Angeweza kusema mengi. Alikuwa ameyapanga kichwani misimu yote ile, mazuri, makali, yenye vituo mahali pake, na sasa alipoyatafuta aliyakuta yamemtoka pamoja na ile sarafu. Kilichobaki kilikuwa kimoja. Akasimama, akatoka nje kwenye maegesho, akafungua buti la gari, akarudi na lile koti mkononi.

"Vaa," alisema.

Tarcisius alilitazama. Mchaga wa Kibosho haelezwi maana ya koti la marehemu. Alivua suti ya filamu, akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akatia kidole kwenye mfuko uliotoboka na kukitokeza upande wa pili. Kisha akanyanyua bega la kushoto juu kidogo kuliko la kulia, akasafisha koo mara tatu, na Erick akaingia ukumbini.

Alianza na taa. Alipita ukumbi mzima akiuliza hizi taa zote anamulikiwa nani, akazima ile kubwa kuliko zote, fundi akapiga yowe. Akamsimamisha Nsimire akamwambia, kama Mpare yeyote apendaye mahakama, kwamba amefungua kesi dhidi ya dobi wa Louisville aliyempotezea soksi moja, na kwamba shahidi wake wa kwanza ni mguu huu hapa. Akaenda kwenye sufuria ya chakula cha waigizaji, akafunua, akanusa, akafunika, akasema wameshiba. Watanzania wachache waliokuwapo walikuwa wamekwisha kaa sakafuni kwa kicheko. Wakongo nao walicheka, kwa sababu bahili hahitaji mkalimani. Belinda alikuwa amesimama na pini za nguo midomoni, ameduwaa. Bega lile alikuwa ameanza kulisahau.

Eliakunda alicheka. Alicheka kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, kisha akashika meza. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya harusini.

Yule Erick akamgeukia. Akaja polepole, na kila alivyosogea kicheko cha watu kilipungua, si kwa kuwa kuna aliyewanyamazisha. Akasimama mbele yake kama alivyokuwa akisimama kila usiku wa maisha yao, Louisville na Columbus, mkono mmoja kiunoni, tayari amechoka.

"Mama Belinda. Mlango wa nyuma umefunga?"

Lilikuwa swali la kila siku, swali la kuudhi, lililomfikia hata akiwa amekwisha lala. Aliyelala kwenye kochi la sebuleni alikuwa akilisikia pia. Kwa karibu miaka miwili hakuna aliyemwuliza. Eliakunda alifungua mdomo, na jibu likatoka lenyewe kwa ile sauti ya uvivu aliyozoea kulijibia.

"Nimefunga."

"Basi. Mimi nilale."

Akaenda kwenye jeneza, akapanda, akajinyoosha ndani na koti lake, akavuta kola kama mtu anayevuta blanketi, akafumba macho. Eliakunda alijifunika uso kwa kitenge akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha Gonja chenye majina ndani yake, na Belinda akatema pini akaja kumshika. Mama Nsimire akaanzisha wimbo bila kuambiwa, safari hii akijua anamlilia nani. Madam Ebiere alikuwa ameinua mkono kuwaambia wapiga picha wasimame. Kamera zilikuwa zimezimwa zamani.

Ndiyo maana kipande hicho hakimo kwenye filamu. Kilichomo ni kile cha sarafu. Kilipooneshwa Louisville watu waliomba kirudishwe, na hadi leo wako wanaomwita Eliakunda Mama Sarafu, naye huitika. Kwenye ile nyumba ya wazee amerudia kumwigiza muuguzi mkuu, sasa mwingine, mwenye mwendo mgumu zaidi kuigiza.

Siku hiyo kazi ilipokwisha bado kulikuwa na jua. Tarcisius alitakiwa kurudi Buffalo. Alikuwa amelivaa koti na hakuonyesha dalili yoyote ya kulivua.

"Mfuko wa pili ukitoboka," Eliakunda alimwambia pale kwenye maegesho, "nakupeleka mahakamani."

"Kwa kesi ya mfuko utauza ng'ombe wangapi, shemeji?"

"Wote. Mpare hakosi ng'ombe wa kesi."

"Nitakuja siku ya kumbukumbu yake. Nipikie makande."

"Utanusa sufuria."

Gari la Tarcisius lilikata kona likapotea. Eliakunda akafungua buti lake kutia mkoba, akakuta koleo na mfuko wa chumvi, na pengo katikati yao. Alisimama akilitazama hilo pengo. Kisha akaweka mkoba pale pale, akafunga buti, akamwita Belinda wakaondoka.

Nyumbani Clintonville aliingia jikoni, akaloweka mahindi na maharage ya makande. Kabla ya kwenda kulala alipitia kwenye mlango wa nyuma, akajaribu kitasa. Ulikuwa umefungwa.